Kijitabu cha majina ya watoto: nimekisoma kwa sauti

Kwa anayetafuta jina la mtoto, kijitabu hiki kinafaa kununuliwa, ila asikisome kimya kimya. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na nafasi ya kusoma yote aondoke nayo. Mwenye nafasi akae, kwa sababu yamo niliyoyapenda sana na yamo yaliyonikera, na yote yanahusu kitu ambacho mtoto atakibeba umri wake wote.

Ni kijitabu chembamba, cha kutia mkobani, jalada la kijani, kimeshikwa kwa pini mbili katikati. Nimekinunua shilingi 4,000 katika duka moja la vitabu vya dini pale Darajani, Unguja, nilipokwenda mjini kwa shughuli zangu. Mwenye duka alinitolea vitatu. Viwili vimepanga majina kwa herufi tu, kuanzia alifu mpaka ye, hiki kimeyapanga kwa sifa. Kuna mlango wa majina ya watu wa ibada, mlango wa Masahaba, mlango wa maua na vito, na ile miwili iliyonifanya nitoe pesa: mlango wa ukunjufu na urafiki, na mlango wa ushujaa na kujiamini.

Ilikuwa hivi. Kaka yangu na mkewe walikuwa wanangojea mtoto wao wa kwanza. Wifi yangu ni mtu mwenye haya tangu utotoni, mtu wa kukaa nyuma ya mlango wageni wakija, na alichoniomba kilikuwa kitu kimoja. "Wifi, nitafutie jina la mtu mkunjufu. Mtu akilisikia ajue huyu ni mtu wa watu, na mwenyewe asione haya kulitaja." Nimeombwa mimi kwa sababu ni shangazi, na kwetu Pemba shangazi ana sauti katika jina la mtoto wa kaka yake. Tena nasomesha maandalizi hapa Chake Chake. Kila asubuhi nashika rejista na kuita majina, na kila asubuhi nasikia yupi anaitikia kwa kifua na yupi anaitikia kwa ncha ya ulimi.

Nianze na mlango wa ukunjufu, maana ndio mtungaji alioufanyia kazi kweli. Wamo Basma na Ibtisam, yote mawili ya tabasamu, na Bassam kwa mwanamume. Wamo Bashir na Bushra, ya habari njema. Yumo Latifa, yumo Ulfat, yumo Khalil, yumo Anisa. Wamo Sahla na Suhaila, ya wepesi na ulaini. Visiwani majina haya tunayasikia kila siku, lakini kuyaona yamewekwa pamoja kunamsaidia mzazi kujua anataka nini hasa, kwa sababu ukunjufu si wa namna moja. Kuna mkunjufu wa kucheka, akiingia tu nyumba inachangamka. Kuna mkunjufu wa kusikiliza, ukikaa naye unapumua. Kuna mkunjufu wa mlango, hata akiwa amechoka atakwambia karibu na atakusogezea mkeka. Basma ni wa namna ya kwanza. Anisa ni wa namna ya pili, yule anayemwondolea mwenziwe upweke. Wifi yangu nilipomsomea hayo alikaa kimya akifikiri, kisha akasema anataka wa pili, wa kwanza atakuja mwenyewe Mungu akipenda.

Jina nililokaa nalo zaidi katika mlango huu ni Samir, na Samira kwa mwanamke. Kijitabu kinasema ni mwenza wa mazungumzo ya usiku. Mtu wa visiwani hana haja ya kuelezwa zaidi ya hapo. Baada ya sala ya Isha wanaume wanakaa barazani, kahawa inapita kwenye vikombe vidogo, kashata pembeni, mmoja anaanza habari ya bei ya karafuu, mwengine anaingiza ya mpira, wa tatu anarudisha ya karafuu. Kila baraza ina mtu wake mmoja ambaye asipokuja mazungumzo yanapwaya. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, yupo, na kwenye baraza zetu za Chake yupo. Si msemaji kuliko wote. Ni yule anayejua kumwuliza mzee swali ambalo mzee alikuwa anangoja kuulizwa. Na wanawake nao wana vikao vyao uwani, ukili mkononi, na yupo wao wa hivyo hivyo. Kumwita mtoto Samir au Samira ni kumwombea awe mtu wa kukosekana pale asipokuwepo. Kaka yangu alilipenda papo hapo, akaanza kulitumia hata kabla hatujajua anakuja wa kike au wa kiume.

Sasa yaliyopungua. Kijitabu kinaishia kwenye maana. Mtungaji anakupa jina, anakupa mstari mmoja, anahamia jina jengine, kama kwamba jina ni kitu cha kusomwa. Jina linaitwa. Linaitwa kutoka dirishani, linaitwa bandarini katikati ya mzigo na watu, linaitwa na bibi asiye na meno ya mbele na mtoto wa jirani wa miaka mitatu. Hilo kijitabu hakina hata sentensi moja juu yake, kwa hivyo nikalifanya mwenyewe.

Darasani tuna mwanasesere wa kitambaa wa kufundishia viungo vya mwili, hana jina. Nikawaambia watoto tunamtafutia. Nikawa naandika jina moja ubaoni, nawatamkia polepole, kisha kila mmoja anakuja mbele kumsalimia mwanasesere: "Assalaamu alaikum, Basma." Watoto wa miaka minne na mitano hawajui kujifanya. Jina likiwashinda, limewashinda mbele ya macho yako.

Basma waliliweza, ingawa wengi walitia i katikati likawa Basima. Ibtisam lilikatika vipande: Bitisamu, Itisamu, na mmoja akaishia Tisamu. Khaula, la mlango wa ushujaa, liligawa darasa. Wale wanaotoka nyumba za chuo, yaani za kusomeshea Kurani, ambao wameshaanza kujifunza herufi za Kurani, walilitoa kooni kama inavyotakiwa. Wengine wakasema Haula, wengine Kaula. Suhaila lilipita vizuri. Samira likatoka safi kwa wote. Anisa likatoka safi, na likawa na jambo la ziada: ukilitamka, mdomo unafunguka mwanzo na unafunguka mwisho, na sauti inakwenda mbali bila kusukumwa. Nina mtoto mmoja wa kike ambaye nikimwuliza kitu ananong'ona mpaka niiname. Alimwita yule mwanasesere "Anisa!" kwa sauti ambayo mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuchungulia mlangoni kuna nini.

Hapa ndipo ninapotaka wazazi watie akili. Tunapotafuta jina la mtu anayejiamini tunakimbilia maana: nguvu, ushindi, simba. Lakini mtoto kujiamini kwake kwa kwanza mbele ya mtu asiyemjua ni kule kulitaja jina lake. Siku ya kwanza ya skuli naulizia jina. Mwalimu wa chuo anauliza jina. Daktari anauliza. Mtoto akitaja, mtu mzima akasema "Nani? Hebu rudia," akataja tena, akasahihishwa, kesho atataja kwa sauti ndogo zaidi. Nimewaona wa hivi kila mwaka. Na nimewaona wenye majina mepesi wakija mbele, kifua wazi, "Mimi Salma Juma," wakarudi kukaa kabla sijamaliza kuuliza. Asubuhi nikiita rejista, wa kiume wanaitikia "Naam", wa kike wanaitikia "Bee", na ile Bee ya mtoto ambaye jina lake limeitwa sawasawa ina uzito wake. Anainua uso.

Sisemi majina mazito yaachwe. Ibtisam ninaye darasani, mtoto mchangamfu kuliko wengi, na sababu mojawapo ni kwamba nyumbani wamempa mpini wa kushikia: wanamwita Ibti, naye anajitambulisha kwa yote mawili bila kubabaika. Basi mzazi akichagua jina refu alifikirie na la mkato mapema, yeye mwenyewe, kabla mtaa haujamchagulia. Kijitabu kingefaa kuandika hata mkato wa kila jina kwenye mabano. Na kingefaa kuonya juu ya majina ya Abdul. Abdullah na Abdulrahman ndiyo majina yanayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu, hadithi yake ni sahihi na kijitabu kimeitaja ukurasa wa mwanzo. Lakini hakikusema kwamba ukimwita mtoto Abdulrahman, usikubali mtaa ulikate Abdul likabaki Rahman peke yake, kwa sababu hilo ni jina la Mungu. Mwite Abdu. Walimu wetu wa chuo wanalisisitiza sana hili, na mzazi mgeni wa mambo haya alihitaji kuambiwa.

Mlango wa ushujaa na kujiamini umenivunja moyo. Kwanza umejaa simba. Hamza simba, Haidar simba, Asad simba, Usama simba, Abbas simba. Ni majina matukufu ya watu watukufu, na Hamza, ami yake Mtume, ni fahari kwa mtoto yeyote. Lakini mtungaji amefahamu kujiamini kuwa ni ukali tu. Thabit amemtupa mwisho wa ukurasa, "imara", basi. Mimi Thabit ningelitia juu kabisa. Ni jina la mtu asiyeyumba, halina kelele, na Zanzibar tunalijua vizuri kwa Sheikh Thabit Kombo wa chama cha Afro-Shirazi. Mtoto anayejiamini ninayemwona darasani hangurumi. Anasubiri zamu yake kwa sababu anajua itafika.

Pili, na hili limenikera zaidi, wanaume wamepewa ukurasa mzima na wanawake wamepewa majina machache chini yake, kama mabaki ya chanoni. Na hata hayo machache yamepunjwa. Asma, "aliye juu". Nusaiba, hakuna maelezo kabisa. Khaula, "paa jike", akaachwa hapo.

Khaula! Mwanamke huyu, Khaula binti Tha'laba, mumewe Aus bin Samit alimtamkia maneno ya kijahilia, kwamba yeye kwake ni kama mgongo wa mama yake. Kwa desturi ile mwanamke anabaki si mke na si mtalaka. Hakukaa akalia ndani. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), akaeleza, akajadiliana, akarudia tena hoja yake, na sura ya hamsini na nane, Al-Mujadila, ikaanza kwa kutaja kwamba Mwenyezi Mungu amesikia kauli ya yule mwanamke anayejadiliana nawe juu ya mumewe. Imepokewa kwamba miaka baadaye, Umar akiwa khalifa, alimsimamisha njiani akamnasihi, na Umar akasimama akamsikiliza mpaka alipomaliza. Watu walipostaajabu, akawaambia huyu ni mwanamke ambaye malalamiko yake yamesikiwa juu ya mbingu saba, vipi Umar asimsikilize. Unatafuta jina la mwanamke anayejiamini na mwenye adabu, asiyeogopa mkubwa na asiyemtukana mkubwa, unalo hapo, na kijitabu kinakwambia paa jike.

Na Nusaiba binti Kaab ndiye aliyemkinga Mtume kwa mwili wake vita vya Uhud, akapata majeraha. Na Asma binti Abu Bakar ndiye aliyekata mshipi wake vipande viwili kufunga chakula cha safari ya Hijra, na usiri wote ule aliubeba akiwa mwanamke kijana. Mistari miwili kwa kila mmoja ingetosha. Mzazi angekuwa na hadithi ya kumsimulia binti yake siku atakayouliza kwa nini nimeitwa hivi, na watoto wote huuliza.

Mahali pengine mtungaji amevuka mpaka kwa upande wa pili. Chini ya baadhi ya majina ameandika kama mpiga ramli: mwenye jina hili atakuwa mchangamfu, atapendwa na watu, atakuwa kiongozi. Haya hayana msingi na ningependa yafutwe. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo 1880, wazee wake walimwita Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Alitembeza vyungu vya udongo akiuza, akaja mjini, akajifunza, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi taarabu kwa Kiswahili. Jina la Siti, la bibi mwenye hadhi, lilimfuata baadaye. Na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, ambaye jina la utani alilopewa ni la kitu kidogo tu, mwaka 2005 alipokea tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, na mpaka uzeeni alikuwa akipiga ngoma ya msondo amesimama na kuimba bila kumwonea haya mtu yeyote. Hakuna mstari wa kijitabu uliowabashiria hawa.

Lakini pia siko pamoja na wale wanaosema jina si kitu. Iko hadithi iliyopokewa na Bukhari ambayo naipenda sana. Babu yake Said bin Musayyib alikwenda kwa Mtume, akaulizwa jina lake, akajibu Hazn, yaani ardhi ngumu isiyopitika. Mtume akamwambia, wewe ni Sahl, ardhi laini. Yule babu akasema hatabadilisha jina alilopewa na baba yake. Said akasema ule ugumu haukututoka mpaka leo. Alikuwa anasema juu ya ukoo wake mwenyewe. Basi jina ni dua tunayoitamka mara nyingi kuliko dua nyengine yoyote, na dua unaichagua kwa makini hata kama majibu si yako. Ningetaka mtungaji aandike hivyo, "tunamwombea awe", pale alipoandika "atakuwa".

Juu ya maandishi nina neno fupi lakini la lazima. Majina yote yameandikwa kwa herufi za kirumi peke yake, hakuna Kiarabu pembeni. Kwa bei hii nafahamu kwa nini, lakini madhara yake ni makubwa. Asiya liko mstari mmoja tu, na herufi za kirumi zinaficha kwamba yako mawili: Asiya mke wa Firauni, mwanamke mwema, na jina jengine lenye ain na swad, lenye maana ya muasi, ambalo Mtume alimbadilishia binti wa Umar akamwita Jamila. Sadiki nalo limebeba mkweli na rafiki ndani ya tahajia moja. Anayelitaka lile la rafiki, kwa ajili ya huo huo ukunjufu, amwendee mwalimu wa chuo amwandikie kwa Kiarabu, akae na karatasi hiyo.

Na mkishachagua, mwandike jina kwa namna moja kila mahali. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, fomu ya skuli. Mimi napokea watoto ambao kadi inasema Khaulat, cheti kinasema Haula, baba anaandika Khawla, na siku ya kuandikisha mtoto mama anatoka asubuhi anarudi mchana bila kumaliza. Herufi moja inasumbua mpaka mtoto anafika kidato cha nne.

Mama yangu alikisikiliza kijitabu chote. Nilimsomea jioni baada ya jioni akiwa anasuka ukili, na alipofika mwisho akauliza, "Na sisi tumo wapi?" Hatumo. Hakuna Faki, hakuna Shaame, hakuna Makame wala Kombo, hakuna Time, Mize, Riziki, Mgeni, Subira. Hakuna Mwanaidi wala Mwanajuma. Majina ambayo ukiyasikia popote duniani unajua mtu huyu ametoka visiwani, kijitabu kinachouzwa Darajani hakiyajui. Nami niseme wazi, kwa ukunjufu peke yake ningemshindanisha Mgeni na jina lolote la mlango ule. Katika nyumba ya Mpemba, mgeni ndiye anayekatiwa kuku. Mtoto aliyeitwa Mgeni ameitwa kwa jina la mtu anayepokewa vizuri kila aendapo, na wale ninaowajua kwa jina hilo wanatembea hivyo, hawana wasiwasi wa kukaribishwa. Riziki vile vile, jina lisilo na maringo, la kike na la kiume, linatamkika na kila mtu. Vijana wa siku hizi wanayaona ya shamba. Mama yangu jina lake ni la hivyo hivyo na sijamwona akilinong'ona.

Alizaliwa mtoto wa kike. Kaka alikuwa ameshikilia Samira, wifi yangu ameegemea Anisa, mama anataka jina la marehemu bibi yetu, na mimi moyo wangu uko kwa Khaula na sikuficha. Tulikuwa na muda mpaka siku ya saba, siku ya akika, mnyama wa mtoto anapochinjwa. Mama ndiye aliyetoa njia. Akamwambia kila mmoja asimame jikoni uwani aliite jina lake kama anamwita mtoto aliyekwenda kucheza kwa jirani, wengine wakae ukumbini wasikilize. Tukafanya hivyo, kwa dhati kabisa, na mlango wa ukumbini umefungwa. Khaula langu lilifika limepoteza herufi yake ya kwanza, likasikika haula, kama ile "La haula" isemwayo penye balaa, na jirani kule ng'ambo akamalizia "wala quwwata" akidhani tumepata msiba. Samira lilifika. Anisa lilifika vizuri zaidi, na aliyeliita alikuwa wifi yangu, ambaye sisi sote tulikuwa hatujawahi kumsikia akipaza sauti katika nyumba ile. Kaka akasema basi, huyo ni Anisa.

Mama anamwita kwa jina la marehemu bibi yetu anapombeba peke yake, na hakuna aliyemkataza.

Turudi kwenye kijitabu chenyewe. Karatasi ni nyembamba, wino unaonekana upande wa pili, pini ya juu ililegea baada ya kupita mikono michache. Maandishi ni madogo kwa mzee asiye na miwani. Makosa ya chapa yapo, ikiwemo ukurasa mmoja uliorudiwa mlango wa maua. Mpangilio wa kwa sifa ni mzuri kuliko vyote nilivyoona na peke yake unastahili zile 4,000. Wenye mimba ya kwanza watafaidika zaidi. Wenye watoto watano hawana jipya la kupata humo. Kwa mtoto wa kike anayetafutiwa jina la ujasiri, kisitegemewe, muulizeni mwalimu wa chuo awasimulie Masahaba wanawake. Wachapishaji wakitoa chapa nyengine, naomba Kiarabu pembeni ya kila jina, mlango wa wanawake mashujaa ulioshiba, na kurasa hata mbili za majina ya Unguja na Pemba.

Chake sijakiona dukani. Wanaokwenda Unguja kwa boti wakiulizie kwenye maduka ya vitabu vya dini pale Darajani, waseme wanataka kile kilichopangwa kwa sifa, na wakifungue kabla ya kulipa waangalie kurasa zote zimo.